Banio la Benedikto

Asubuhi ile, kama asubuhi zote za miaka miwili iliyopita, Anastasia alimwamkia mwanawe shikamoo.

"Marahaba, dada," alijibu Raphael, macho yake kwenye kikombe cha chai.

Mpita njia angewasikia angedhani mmoja wao amerukwa na akili. Lakini Lukwele, kijiji kilichojibana ubavuni mwa Uluguru, hakuna aliyeshangaa. Kaka mkubwa wa Anastasia, Benedikto Kobelo, alipofariki, ukoo ulikaa kikao ukamtafuta wa kubeba jina lake. Huku mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mrithi wa mjomba hutoka tumboni mwa dada. Dada alikuwa Anastasia peke yake, na Anastasia Mungu alimpa mtoto mmoja. Basi Raphael akakalishwa kwenye kigoda cha mjomba wake, akapakwa unga kwenye paji la uso, akavikwa kofia ya mjomba wake, ile pama ya rangi ya kahawia yenye ukingo ulioliwa na panya, akaambiwa: kuanzia leo wewe ni Benedikto. Watoto wa marehemu wakamwita baba. Wazee waliowahi kumchapa kwa kuiba mapeasi wakampisha kiti. Na mama yake mzazi akawa mdogo wake.

Mwanzoni jambo hilo lilimpoza Anastasia. Alikuwa amempenda kaka yake kupita kiasi, tuseme ukweli, na kila alipoamkia na kusikia marahaba, aliona kifo kimedanganywa kidogo. Lakini kuna siku Raphael alishikwa na homa, akawa anaweweseka, na katika kuweweseka kwake akaita, "Dada, maji. Dada." Anastasia alimpa maji, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia akalia. Mtoto wako wa pekee akuite dada hata akiwa hajitambui. Hilo liliuma, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku ile, hata hivyo, hakuwa na nafasi ya kuumia. Afisa wa maji alikuwa anapanda kutoka Morogoro mjini kuja kusikiliza shauri lao, na nyumba tisa za Lukwele zilikuwa zimebana pumzi.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Lukwele wanaishi kwa liki, kabichi na karoti, na mboga hizo wakati wa kiangazi zinaishi kwa maji ya kijito cha Mlulu. Zamani hizo Benedikto alihangaika na ofisi za mjini mpaka akapewa kibali cha kutumia maji. Akajenga banio, yaani kizuizi cha mawe na saruji cha kukinga maji kijitoni, akaunga mpira mrefu kutoka hapo mpaka mashambani, na nyumba tisa zikanywa na kuuza mboga kupitia jina lake. Masika ya mwaka huu mlima ukaporomoka. Banio likaenda na mawe yake, na kijito kikahama, kikachimba chini. Mpira ukabaki unaning'inia hewani, hauna pa kunywea. Mahali pazuri pa kujenga banio jipya palikuwa juu zaidi, penye mwamba usioteleza. Ila kibali kilitaja pale pa zamani, na maji ya kibali hayahamishwi kiholela kama mbuzi wa kuchunga. Unaomba, wanabandika tangazo, mwenye kupinga anapinga, kisha afisa anakuja kuona kwa macho.

Anastasia ndiye aliyekwenda mjini kuomba, akiongozana na Raphael. Karani aliyekuwa dirishani aliuliza mwenye kibali yuko wapi. Anastasia akamwonyesha Raphael kwa kidole, akasema, "Ndiye huyu." Hakudanganya. Wallahi, kwa dini yoyote utakayomwapisha, moyoni mwake hakudanganya. Benedikto alikuwa amesimama pale na kofia yake kichwani. Raphael alishika kalamu, akamtazama mama yake mara moja, akaandika Benedikto Kobelo.

Basi asubuhi hiyo ya shauri Anastasia alikuwa bado hajamaliza kuosha vikombe pale mtendaji wa kata, Ernest, alipopiga hodi. Ernest alikuwa mtu wa Turiani, mpole, mwenye wasiwasi mwingi, na siku hiyo wasiwasi wake ulikuwa umemtangulia mlangoni.

"Dada Anastasia, nimepigiwa simu," alisema akiwa bado amesimama. "Afisa anakuja na jalada lote. Kibali kile kina mwaka wa kutolewa. Tisini na nane. Mwaka huo huyu bwana alikuwa ndiyo kwanza anaacha kunyonya."

"Karibu ukae, mtendaji."

"Sikai. Nimekuja kukuambia tu. Mjini hilo wanaliita kughushi. Watu wanafungwa kwa hilo, dada, si mchezo. Afadhali mseme ukweli mapema."

"Ukweli upi?" aliuliza Anastasia.

Ernest alikuwa amekaa Lukwele muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo halikuwa la ujeuri.

Maana huku, kusema kwamba fulani amekufa mbele ya aliyebeba jina lake ni kuvunja kigoda. Mrithi anavuliwa pale pale, jina linabaki wazi kama nyumba isiyo na mlango, na wapo wanaoamini kabisa kwamba marehemu huondoka upya, safari hii na hasira. Tangu siku ya kumvika Raphael kofia, hakuna mtu wa ukoo aliyetamka Lukwele kwamba Benedikto amefariki. Kristina, mjane wake, aliacha kuvaa nguo nyeusi siku ile ile.

Ernest alipoondoka, Raphael alitoka chumbani. Alikuwa amesikia yote.

"Dada, tutasemaje?"

Anastasia alimfuta vumbi begani ingawa halikuwepo. "Tutasema kilichopo," alijibu, na yeye mwenyewe hakujua kilichopo ni kipi.

Afisa alikuwa mwanamke kijana, jina lake Witness, aliyevaa buti za mpira na kubeba jalada chini ya kwapa. Alisalimia wazee mmoja mmoja, shikamoo hii na shikamoo ile, akamfikia Raphael mwenye kofia akasita, kisha akampa mkono tu. Anastasia aliuona ule mkono na kule kusita.

Walipanda wote mpaka Mlulu. Njiani walipita katikati ya matuta ya liki, na hakuna aliyehitaji kueleza kitu. Majani yaliyopaswa kusimama yalikuwa yamelala, ncha zake za njano. Wanawake walikuwa wakimwagilia kwa ndoo tangu mwezi uliopita, mizigo ya kichwani kutoka bondeni, na ndoo kwa shamba ni sawa na kumpa ng'ombe maji kwa kijiko. Witness aliinama, akang'oa liki moja, akaibonyeza, akairudisha udongoni.

Penye maporomoko walimkuta Abdulatif amewatangulia. Huyu ndiye aliyeweka pingamizi. Alikuwa mzee mrefu, kanzu ameikunja mpaka magotini kwa ajili ya tope, mwenye mabwawa ya samaki chini kule ambako Mlulu unatulia. Maji yanayochukuliwa juu ndiyo anayoyakosa yeye chini, na mtu mwenye perege mabwawani hawezi kuwaambia wavumilie mpaka vuli.

Lakini Abdulatif alikuwa zaidi ya mpinzani. Ukoo wake na ukoo wa Kobelo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana kazi zake msibani. Siku ya kumzika Benedikto, Abdulatif ndiye aliyechimba. Kaburi lilipokuwa tayari, akajilaza ndani, mikono kifuani, akasema hatoki, nyumba ni yake, Benedikto akatafute pengine, mpaka apewe kuku. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, ndivyo inavyotakiwa. Anastasia akamwahidi kuku, na Abdulatif akatoka akijikung'uta. Kuku huyo hakumpa mpaka leo. Kila wakikutana mzee humdai, na yeye humwambia bado anataga.

"Mtani," alisema Abdulatif alipomwona. "Kuku wangu anaendeleaje?"

"Bado anataga," alijibu Anastasia, na kwa mara ya kwanza alilisema bila kucheka. Alikuwa ametambua, pale juu ya tope la mlima ulioporomoka, kwamba katika watu wote watakaokaa na afisa leo, ukimtoa Ernest, huyu peke yake si wa ukoo. Hana kigoda cha kuogopa kuvunja. Alilala ndani ya kaburi lenyewe. Akitaka kushinda shauri, neno moja linamtosha.

Witness alipima, akapiga picha, akauliza mwamba wa juu unaitwaje na maji ya hapo hukauka lini. Raphael alijibu vizuri. Kijana alikuwa anaujua mlima. Abdulatif alimsikiliza akiwa ameegemea fimbo yake.

Kikao kilikuwa ofisi ya kata, chumba chenye mabenchi manne na dirisha lisilofungwa. Watu wa nyumba tisa waliingia wote, waliokosa nafasi wakasimama ukutani. Kristina alikaa nyuma ya Anastasia, na Anastasia alimsikia akipumua.

Witness alifungua jalada mezani. "Mwombaji asimame, ataje jina lake."

Raphael akasimama. "Benedikto Kobelo."

"Kitambulisho chako cha taifa?"

"Nimekisahau nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

"Hapo juu."

"Tutakifuata baadaye. Una umri gani, Benedikto?"

"Thelathini."

Witness aligeuza karatasi moja, taratibu, kama mtu ambaye tayari anajua kilichoandikwa chini. "Kibali hiki kilitolewa mwaka tisini na nane. Kwa hiyo ulikuwa na miaka mitatu hivi. Ulikuja ofisini kwetu kwa miguu, au ulibebwa mgongoni?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

"Ndiye Benedikto," alisema mzee Alois, mkubwa wa ukoo, kutoka benchi la mbele. Hakupandisha sauti.

"Ndiye," wakaitikia watu wa Lukwele, benchi kwa benchi, kama wanavyoitikia litania.

Witness aliwatazama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomwogopesha Anastasia. Mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza. Huyu alikuwa anatafuta kitu, na watu wa aina hiyo hawaondoki bila kukipata. Akamgeukia Abdulatif.

"Mzee, wewe ndiye uliyepinga. Unamfahamu huyu mwombaji?"

Abdulatif alisimama, akairekebisha kofia yake ya kiua. Anastasia alishika ukingo wa benchi. Sasa, alijiambia. Sasa anasema.

"Benedikto ninayemfahamu mimi," alisema Abdulatif, "alikuwa akiziba maji kila magharibi. Mchana maji ni ya mboga, usiku maji ni ya samaki. Hatukuandikiana. Jua likigusa mlima alikwenda banioni mwenyewe, anaziba mpira, maji yanashuka kwangu mpaka alfajiri. Mvua au homa, aliziba. Huyu haijawahi kutokea akaziba hata siku moja, hata pale banio lilipokuwa zima. Samaki wangu walikuwa wakielea asubuhi, matumbo juu, mimi nakaa kimya nikisema labda kesho. Ndiyo maana nimepinga. Nikiwaachia mwamba wa juu kabisa, mimi nimekwisha." Akamnyooshea Raphael fimbo. "Kama huyu ni Benedikto au siye, hilo si la mtani kusema. Muulizeni dada yake."

Akakaa. Ilikuwa kama mtu mwenye kisu mkononi aliyekiweka mezani, mpini ukimwelekea Anastasia.

"Mama," alisema Witness. "Kwenye ombi wewe ndiye shahidi. Nitaandika utakachosema na utakitia sahihi. Huyu ni nani wako?"

Mzee Alois aligeuka akamtazama, na macho yake yalisema wazi: shika ulichokishika. Njia ilikuwa nyepesi. Angesema ni kaka yangu, na watu wote wale wangeitikia ndiye, na huenda afisa angechoka. Au asingechoka. Angekifuata kitambulisho nyumbani, angelikuta jina la ubatizo, na jioni Raphael angeshuka mlima nyuma ya gari la polisi, amevaa kofia ya mtu mwingine. Mficha maradhi kilio humfichua. Nyumba tisa zingekosa maji vilevile, na juu ya hayo yeye angempoteza mtoto.

Alimtazama Raphael. Mkono wa kijana ulikuwa umepanda kwenye ukingo wa kofia, unaushika na kuuachia, unaushika na kuuachia. Ndivyo alivyokuwa akiishika kola ya shati lake alipokuwa mdogo, padri akimuuliza katekisimu na majibu yamemtoka kichwani. Benedikto hakuwahi kutetemeka mkono maisha yake yote. Anastasia aliona jambo hilo kwa uwazi ambao hakuwa ameutaka kwa miaka miwili: mbele yake hapakuwa na kaka. Palikuwa na mtoto wake, mwoga, aliyetumwa akabebe mzigo wa mtu mzima na hakuna aliyemwambia ndani kuna nini.

"Ni mwanangu," alisema.

Mzee Alois alitoa mguno.

"Ni mwanangu, nilimzaa hospitali ya misheni. Anaitwa Raphael." Alisikia sauti yake ikitoka imara, akaiacha iende. "Kaka yangu Benedikto amekufa. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa changu mwenyewe. Nilimwosha uso. Tulimzika Jumanne, na huyu mzee alichimba kaburi."

Nyuma yake Kristina alilia. Hakulia kwa kwikwi, alipiga yowe, lile la siku ya kwanza, ambalo miaka miwili lilikuwa limekaa kooni likisubiri ruhusa. Wanawake wawili walimshika. Wengine nao wakaanza, na ofisi ya kata ikawa msiba.

"Umemuua mara ya pili," mzee Alois alimwambia Anastasia. Akachukua mkongojo wake akatoka, na wanaume kadhaa wakamfuata. Anastasia aliona huenda ni kweli.

Witness alingoja. Alipopata pa kusemea, aliuliza kwa sauti ya chini, "Ofisini kwetu, nani alisema huyu ndiye mwenye kibali?"

"Mimi. Mkono uliandika wake, ulimi ulikuwa wangu. Kama ni kufunga, nifunge mimi."

"Mlitaka kupata nini kwa kusema hivyo?"

"Hatukutaka kupata kitu. Tulitaka asiwe amekufa."

Witness alichukua kalamu. Kisha akapiga mstari mmoja juu ya ombi, pembe hadi pembe, na Anastasia akaona mstari ule ukipita juu ya jina la kaka yake.

"Mimi si polisi, na leo sina hamu ya kuwa polisi," alisema. "Ombi hili limekufa. Maji ya marehemu hayahamishwi, kwa sababu marehemu haombi. Kwanza ukoo ukae, mniletee muhtasari wa kikao na cheti cha kifo, kibali kihamie kwa mrithi kwa jina lake halisi. Hapo ndipo mrithi aombe kuhamisha banio. Tangazo litabandikwa upya, na mwenye kupinga atasikilizwa upya."

"Na liki?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka ukutani.

Afisa hakuzungusha maneno. "Maji ya kunywa na kupikia chukueni kwa ndoo, hakuna wa kuwakataza. Mpira usiguse mwamba. Liki za kiangazi hiki, dada yangu, zimekwenda."

Yule mwanamke alimtazama Anastasia, akafunga khanga yake kiunoni, akatoka. Baada yake wakatoka wengi, bila kuaga. Kuna matusi yanayotukanwa kwa mgongo tu, na Anastasia aliyapokea yote akiwa amekaa. Kesho angekutana nao bondeni wakichota maji. Angekutana nao mwezi mzima.

Walibaki wachache. Abdulatif alikuwa bado kwenye benchi lake, fimbo katikati ya magoti.

Raphael alimwendea. Kwa miaka miwili wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa matusi ya utani, kama watu wa rika moja. Sasa kijana alisimama mbele yake kama kijana.

"Shikamoo, mzee."

Abdulatif alishtuka kidogo. "Marahaba."

"Hilo la kuziba maji jioni sikulijua. Nilipewa kofia, nikapewa kigoda. Habari za maji hakuna aliyeniambia."

"Na mimi sikusema," alisema mzee, polepole. "Nilikuwa nakutania wewe kama nilivyokuwa nikimtania yeye. Nikidhani yumo humo ndani, anajua, anafanya makusudi." Alitikisa kichwa. "Ukipata mwamba wako wa juu, utaziba?"

"Nitaziba. Alikuwa anazibia nini?"

"Alikuwa na jiwe lake. Bapa, jeusi, limekaa kinywani mwa mpira kama kizibo." Abdulatif alinyanyuka kwa kuegemea fimbo. "Jiwe limekwenda na mlima. Utatafuta la kwako."

Alipokuwa anapita, Anastasia alimshika mkono wa kanzu. Hakuwa ameyapanga maneno.

"Kuku wako," alisema. "Pita jioni umchukue."

Alingoja mzaha. Mzee alikuwa na mzaha wa kila kitu, alikuwa na mzaha ndani ya kaburi. Lakini Abdulatif alivua kofia yake, akaishika kifuani, na akasema kile ambacho hakuna aliyepewa nafasi ya kumwambia kwa miaka miwili.

"Pole, Anastasia. Pole sana kwa kufiwa na kaka yako."

Hapo akalia. Alilia mbele ya afisa, mbele ya Ernest aliyekuwa akijifanya anapanga mabenchi, na hakuona aibu hata kidogo.

Witness alikuwa amekwisha kufunga jalada. Akalifungua tena. Akatoa karatasi mpya, ile ya kuomba kibali kihamie kwa mrithi, akaigeuza mezani imwelekee Raphael.

"Hii mtakwenda nayo kwenye kikao cha ukoo," alisema. "Wanaweza kukukubali, wanaweza kukukataa, hilo ni lao. Lakini jina la anayeomba lijazwe hapa, mbele yangu, nilione kwa macho. Mwombaji ni nani?"

Raphael aliinama juu ya meza akashika kalamu. Ukingo wa kofia ya mjomba wake ulitupa kivuli juu ya karatasi, akawa haoni mstari. Akasogeza karatasi huku, akaisogeza kule, kivuli kikamfuata. Mwisho akaivua. Nywele zake zilikuwa zimelala, zina alama ya ukingo pande zote.

"Nishikie kofia, mama," alisema, na akaanza kuandika.

Anastasia akaipokea kwa mikono miwili. Ndani ilikuwa bado na joto la kichwa cha mtoto wake.